Mwongozo wa Jana, Mashine ya Juzi

Miongoni mwa watu wanaopenda historia ya teknolojia wapo ambao hawaridhiki kuziona kompyuta za miaka ya 1980 na 1990 zikiwa zimefungiwa katika kabati za makumbusho, bali hutaka ziwake, zifanye kazi na, inapowezekana, ziendeshwe na mfumo endeshi unaotunzwa hadi leo. Mfumo endeshi ni ile programu kuu inayosimamia kichakataji, diski na vifaa vingine vya kompyuta na kuziwezesha programu nyingine zote kufanya kazi. Bila huo, kompyuta ni chuma na plastiki tu. Kuuingiza mfumo huo katika mashine, kazi inayoitwa kusakinisha, ni jambo la dakika chache katika kompyuta mpya, lakini katika mashine iliyotoka kiwandani zaidi ya miaka thelathini iliyopita huweza kumaliza siku kadhaa, na mara nyingi kinachomshinda anayeanza si mashine yenyewe wala mfumo anaousakinisha, bali ni maandishi aliyopewa yamwongoze.

Maandishi hayo si ya uongo, na ni haki jambo hili lisemwe mapema. Karibu kila sentensi iliyomo ilikuwa kweli siku ilipoandikwa, na aghalabu iliandikwa na mtu aliyeijua kazi yake na aliyejitolea bila kulipwa chochote. Tatizo ni kwamba sentensi hiyo imeendelea kusomwa baada ya mambo inayoyaeleza kubadilika, huku ikiwa haina alama yoyote ya kumwonyesha msomaji kwamba ukweli wake una umri. Mzoefu akikutana nayo huiruka bila hata kugundua kuwa ameiruka. Mgeni huitii neno kwa neno, kisha mashine inapokataa hujilaumu mwenyewe.

Mfano ulio wazi unapatikana katika familia ya vichakataji vya kampuni ya Motorola inayojulikana kwa namba 68000, ambayo ndiyo iliyoendesha Macintosh ya Apple iliyotoka Januari 1984, na Atari ST na Amiga ya Commodore zilizofuata mwaka 1985. Commodore ilifilisika mwaka 1994, na Apple nayo mwaka huohuo ilianza kuhamia kwenye vichakataji vya aina nyingine, hivyo mashine hizo zikaelekea kubaki bila mwenyewe. Waliozichukua ni watu wa programu huria, yaani programu ambazo msimbo wake uko wazi kwa yeyote kuusoma, kuubadilisha na kuusambaza. Mradi wa NetBSD, ulioanza mwaka 1993, ulikuwa na azma ya kuufanya mfumo mmoja wa jamii ya Unix uendeshe mashine za aina nyingi kadiri iwezekanavyo, nao mradi wa Debian, ulioanza mwaka huohuo kwa kuutumia mfumo wa Linux, ulizipokea rasmi mashine za familia ya 68000 katika toleo lake la 2.0 la Julai 1998, ambalo ndilo la kwanza kutoka nje ya mipaka ya kompyuta zenye vichakataji vya Intel.

Historia ya Debian katika mashine hizi ndiyo inayoeleza vizuri zaidi jinsi mwongozo mzuri unavyogeuka kuwa mtego. Toleo la 3.1, lililotolewa Juni 2005, lilikuja na programu mpya kabisa ya usakinishaji pamoja na mwongozo mrefu, ulioandikwa kwa uangalifu mkubwa na wenye maelezo mahususi kwa Amiga, Atari na Macintosh. Toleo lililofuata, la 4.0 la Aprili 2007, liliiacha familia ya 68000 nje ya orodha rasmi. Usaidizi wake haukufa, kwani ulihamia katika tawi la pembeni liitwalo Debian Ports, ambako watu wa kujitolea wanaendelea hadi leo kutayarisha programu za kisasa kwa ajili ya vichakataji hivyo vikongwe. Lakini mwongozo wa mwisho uliotolewa pamoja na toleo rasmi kwa ajili ya mashine hizo ulibaki ule wa mwaka 2005. Kwa hiyo mtu anayeanza leo hupakua programu ya usakinishaji ya miaka hii, kisha huiendesha kwa maelekezo yaliyoitangulia kwa takriban miaka ishirini, akidhani kwamba vitu viwili vyenye jina moja lazima viwe vya wakati mmoja.

Matokeo yake huonekana katika mambo ambayo kwa mzoefu ni madogo mno. Katika Linux ya zamani, diski ya kwanza iliyounganishwa kwa njia ya IDE, njia inayotumiwa na Amiga 4000 kwa mfano, iliitwa hda, na miongozo ya enzi hizo imejaa amri zenye jina hilo. Sehemu ya zamani ya Linux iliyotoa jina hilo ilikuja kuondolewa kabisa katika toleo la 5.14 la Agosti 2021, na diski ileile sasa huitwa sda, jina ambalo zamani lilikuwa la diski za njia nyingine iitwayo SCSI. Mgeni anayeandika hda huambiwa kwamba kifaa hicho hakipo, na hitimisho la kwanza linalomjia ni kwamba diski yake imekufa au kebo yake imelegea. Huifungua mashine, huigusa bodi ya miaka thelathini isiyohitaji kuguswa, na pengine hapo ndipo madhara ya kweli huanzia. Kiasi cha memori nacho, yaani mahali ambapo kompyuta hushikilia kazi inayoendelea, kinapotosha vivyo hivyo, kwa kuwa kiini cha Linux, yaani sehemu yake ya msingi, kimeongezeka ukubwa mwaka hadi mwaka na kiwango kilichotosha zamani sasa huweza kuifanya mashine igande hata kabla ya kuonyesha neno la kwanza.

Ili kuliona jambo hili kwa ukaribu zaidi, inafaa kuichukua mashine moja na kuifuata hatua kwa hatua. Macintosh SE/30, iliyotoka Januari 1989, ina kichakataji cha 68030 chenye kasi ya megahezi 16 na inaweza kubeba memori ya hadi megabaiti 128, kiasi kikubwa mno kwa zama zake, na kwa sababu hiyo inapendwa sana na wanaotaka kusakinisha NetBSD. Mashine hii haiwezi kuwashwa moja kwa moja kwa NetBSD. Huwashwa kwanza kwa mfumo wake wa asili wa Apple, kisha ndani ya mfumo huo hufunguliwa programu ndogo iitwayo Booter, yaani programu ya kuwashia, ambayo hukipakia kiini cha NetBSD katika memori na kukikabidhi mashine nzima. Miongozo huagiza kwamba kabla ya kuifungua programu hiyo, mtumiaji aende katika paneli ya memori, azime memori ya bandia na awashe anwani za biti 32, yaani namna ya kuzihesabu sehemu za memori kwa tarakimu ndefu zaidi ili mashine iweze kuzifikia zote.

Mgeni huifungua paneli hiyo katika SE/30 yake na hakioni kitufe kinachotajwa. Sababu ni kwamba programu iliyochongwa ndani ya chipu za kudumu za SE/30, kama zile za Macintosh II, IIx na IIcx, iliandikwa kwa mazoea ya kuzitumia biti za juu za anwani kwa shughuli nyingine, na kwa hiyo haivumilii anwani za biti 32 mpaka kwanza iwekwe nyongeza iitwayo MODE32, iliyotengenezwa na kampuni ya Connectix na baadaye ikatolewa bure kwa wenye mashine hizo baada ya Apple kununua haki ya kuisambaza. Mwaka 1995 hapakuwa na mwenye SE/30 yenye memori kubwa ambaye hakuijua MODE32, kwani bila hiyo mashine iliishia kutumia megabaiti 8 tu hata kama imejazwa 32. Mwandishi wa mwongozo usioitaja hakuona haja ya kueleza jambo ambalo wasomaji wake wote walikuwa wamekwisha kulifanya. Hapa hakuna sentensi hata moja iliyopitwa na wakati. Kilichopitwa ni ujuzi ambao sentensi iliuegemea, na upungufu wa namna hii ni mgumu kuugundua kuliko kosa lililoandikwa, kwa sababu hata anayeupitia mwongozo kwa nia ya kuusahihisha hana mstari wa kuuwekea kidole.

Upungufu mwingine wa aina hiyo unahusu jinsi programu ya kuwashia inavyofika katika Macintosh. Faili za mfumo wa asili wa Apple zilikuwa na matawi mawili, moja la data ya kawaida na jingine la rasilimali kama vile aikoni, menyu na, kwa programu za zama hizo, msimbo wenyewe. Kompyuta za Windows na Linux hazina tawi hilo la pili, hivyo programu iliyofunguliwa kutoka kifurushi chake ndani ya kompyuta ya kisasa, kisha ikanakiliwa kwenda kwenye Macintosh, hufika ikiwa ganda tupu lisilofunguka. Waandishi wa miaka ya 1990 walisema tu kwamba faili ipakuliwe na ifunguliwe, kwa kuwa walijua msomaji anaipakua kwa Macintosh yenyewe au kwa jirani yake wa aina ileile. Anayeanza leo anatakiwa kuibeba faili ikiwa bado imefungwa katika kifurushi mpaka ndani ya mashine kongwe, na huko aifungue kwa programu ya zama zake, iitwayo StuffIt. Na hata hapo kuna mtego, maana vifurushi vya muundo ulioletwa na StuffIt 5 mwaka 1998 havifunguki kwa matoleo ya awali ya programu hiyohiyo.

Yapo pia mambo ambayo mwongozo wa zamani haukuweza kuyataja kwa sababu hayakuwapo. NetBSD iliingiza ndani ya mfumo wake programu ya mawasiliano salama ya OpenSSH kuanzia toleo la 1.5 la Desemba 2000, na mashine inapowaka kwa mara ya kwanza hutengeneza funguo za siri za mawasiliano hayo, kazi ya hesabu nzito inayopita kufumba na kufumbua katika kompyuta ya leo lakini inayoweza kuishikilia 68030 kwa muda mrefu sana bila dalili ya kusonga mbele kwenye skrini. Mgeni asiyejua huamini kwamba mashine imeganda, huizima, na wakati mwingine huharibu mpangilio wa faili uliokuwa umekamilika vizuri. NetBSD 10, iliyotolewa Machi 2024, imeongeza sharti jingine: mfumo hudai chanzo cha nasibu ya kweli, yaani data isiyoweza kubashiriwa na mtu wa nje, kabla ya kuziamini funguo zinazotengenezwa, na kompyuta ya mwaka 1989 haina kifaa cha kutoa nasibu hiyo. Programu ya usakinishaji humtaka mtumiaji aingize herufi za ovyoovyo au alete data kutoka mashine nyingine, swali ambalo halimo katika mwongozo wowote wa zamani na linalomshtua anayedhani amepotea njia.

Hata hivyo, sehemu inayozeeka upesi kuliko zote ni ile inayohusu mtandao. Miongozo mingi ya miaka ya 1990 na 2000 huagiza faili zichukuliwe kwa itifaki ya FTP, iliyokuwa njia ya kawaida ya kuhamisha faili kati ya kompyuta. Debian iliifunga huduma yake ya umma ya FTP tarehe 1 Novemba 2017, ingawa seva yake maarufu imeendelea kuitwa kwa jina lenye herufi hizohizo na kutoa faili kwa njia ya HTTP, jambo ambalo peke yake linatosha kumchanganya mtu. Mwaka 2021 vivinjari vya Firefox na Chrome navyo viliondoa uwezo wa kufungua anwani za FTP, hivyo viungo ambavyo kwa miongo miwili vilifunguka kwa kubofya tu sasa havifanyi lolote, na msomaji hudhani kwamba faili zimefutwa ilhali mara nyingi zipo palepale zikisubiri kuitwa kwa njia nyingine.

Anayejaribu kuchukua faili kwa kuitumia mashine kongwe yenyewe hukutana na ukuta mwingine. Tovuti za leo huzungumza kwa usimbaji, yaani kwa kuyafunga mazungumzo ili mtu wa kati asiyasome, na Machi 2021 shirika linaloweka viwango vya intaneti lilitangaza rasmi kwamba matoleo ya 1.0 na 1.1 ya itifaki ya usimbaji ya TLS yasitumike tena. Vivinjari vya miaka ya 1990 havijui matoleo mapya zaidi ya hayo. Hata palipo na programu ya kisasa, saa huweza kuvuruga kila kitu. Macintosh huhesabu muda kuanzia tarehe 1 Januari 1904, na betri ndogo inayoitunza saa ikifa, mashine huamka ikiamini kwamba iko katika miaka hiyo, au mwaka mwingine usiokuwa na uhusiano na leo. Cheti cha usalama cha tovuti, ambacho huonyesha siku kinapoanza na siku kinapokoma, huonekana kwa mashine hiyo kuwa hakijaanza kutumika, na muunganisho hukataliwa kwa ujumbe unaolaumu cheti bila kuigusia saa. Sahihi za kidijitali zinazothibitisha uhalali wa programu za Debian Ports nazo hutegemea funguo zinazobadilishwa kila baada ya muda, kwa hiyo diski ya usakinishaji ya miaka michache tu nyuma hubeba ufunguo uliokoma na kuzikataa faili zilizo halali kabisa. Mtu mwenye betri mbovu anaweza kumaliza wiki akibadilisha anwani za seva, na hakuna mwongozo wa mwaka 2005 utakaomwambia aitazame saa kwanza, maana mwaka 2005 saa haikuwa na neno.

Yote haya yangeweza kumfanya mtu apendekeze dawa rahisi, kwamba miongozo ya zamani ifutwe na mipya iandikwe badala yake. Dawa hiyo ni mbaya kuliko ugonjwa. Kichakataji cha 68020, kwa mfano, hakina ndani yake kitengo cha kusimamia memori, kinachojulikana kwa kifupi MMU, ambacho mifumo ya jamii ya Unix inakitegemea ili kuzitenganisha programu zisivamiane. Kitengo hicho kilikuwa chipu ya pembeni ya namba 68851. Macintosh II ya mwaka 1987 ilikuwa na nafasi ya kuichomeka chipu hiyo, lakini Macintosh LC ya mwaka 1990, yenye kichakataji hichohicho, haikuwa nayo. Amiga 1200 ya mwaka 1992 ilitoka na 68EC020, toleo la bei nafuu, na bila kuongezewa kadi yenye kichakataji kikubwa zaidi haiwezi kuupokea mfumo wa NetBSD wala wa Debian. Baadhi ya vichakataji vya 68LC040, vilivyowekwa katika Macintosh nyingi za miaka ya mwanzo ya 1990, vilitoka kiwandani na hitilafu inayokwamisha jitihada za kuiga kwa programu kitengo cha hesabu za desimali ambacho vichakataji hivyo havina, na mashine inayoonekana nzima huanguka ovyo bila sababu ya kueleweka.

Maarifa ya aina hii hayazeeki, kwa sababu silikoni haibadiliki. Yamo katika miongozo ya usakinishaji ya miaka ya 1990, iliyoandikwa na watu waliokuwa na mashine hizo mezani na waliogombana nazo kila jioni, na yamo pia katika vitabu vya kiufundi vya watengenezaji wenyewe, kama kile cha Apple kuhusu maunzi ya familia ya Macintosh ambacho toleo lake la pili lilitoka mwaka 1990. Katika ukurasa mmoja, basi, huweza kuwapo aya inayohusu kichakataji, ambayo itakuwa kweli daima, na chini yake aya inayohusu seva, ambayo imekufa miaka kumi na mitano iliyopita, zote mbili zikiwa na sauti ileile ya uhakika. Anayeufuta ukurasa wote kwa sababu ya aya ya pili huipoteza ya kwanza, na hakuna tena kiwanda wala idara ya huduma itakayoirudisha.

Kati ya silikoni isiyozeeka na mtandao unaozeeka upesi kuna jambo la tatu, nalo ni mwili wa mashine. Mwongozo wa mwaka 1996 unaosema kwamba kompyuta iwashwe na kazi ianze ulikuwa sahihi kwa mashine ya miaka saba. Kwa mashine ileile ikiwa na zaidi ya miaka thelathini na mitano, agizo hilo linaweza kuwa la hatari. Kapasita ndogo, yaani vihifadhi chaji, zilizomo katika bodi ya SE/30 hujulikana kwa kuvujisha majimaji yanayokula njia za shaba, na betri ya lithiamu ya volti 3.6 iliyosahaulika ndani yake ikipasuka huweza kuiangamiza bodi nzima. Betri za kuchajiwa zilizouzwa na Amiga 2000, 3000 na 4000 nazo zimekwisha kuharibu mashine nyingi kwa namna hiyohiyo. Kwa upande wa diski, wengi sasa huondoa diski ya asili na kuweka kifaa kinachoifanya kadi ndogo ya kumbukumbu ionekane kama diski ya SCSI, ilhali programu ya Apple ya kuzigawa diski katika vipande, yaani patisheni, ilitengenezwa izitambue diski za Apple pekee na huzikataa nyingine zote mpaka itumike nakala yake iliyorekebishwa. Mwongozo mzuri wa leo ungepaswa kuanza na bisibisi na kioo cha kukuzia kabla ya kufika kwenye amri ya kwanza.

Kwa nini basi miongozo haifanyiwi marekebisho? Jibu la kwamba watu ni wavivu si la haki. Wanaotunza mifumo hii kwa mashine kongwe ni wachache, hufanya kazi hiyo baada ya ajira zao, na saa chache walizonazo huzitumia kuhakikisha kwamba msimbo bado unajengeka, maana msimbo usiojengeka huukomesha mradi leo ilhali mwongozo mbovu humkwamisha tu mtu ambaye hawamwoni. Zaidi ya hapo, mzoefu hasakinishi upya. Mashine yake ilisakinishwa miaka mingi iliyopita, naye huipandisha daraja toleo baada ya toleo, kwa hiyo hana tukio linalomrudisha katika ukurasa wa kwanza. Wakati huohuo nakala za miongozo zimetapakaa kila mahali, na injini za utafutaji huupa uzito ukurasa ambao umerejelewa na wengi kwa miaka mingi, sifa ambayo ukurasa mpya ulio sahihi hauwezi kuwa nayo. Uzee wa hati, ambao ungepaswa kumtahadharisha msomaji, huigeuza kuwa yenye mamlaka.

Zipo desturi zilizothibitisha kwamba tatizo hili linaweza kupunguzwa. Kila toleo la NetBSD huja na hati yake ya usakinishaji kwa kila aina ya mashine, ikikaa katika folda moja na programu zenyewe, hivyo anayechukua toleo la 10 huichukua pia hati ya toleo la 10, na ya 1.5 hubaki na wenzake wa 1.5 ikimsubiri anayetaka kweli kuisakinisha 1.5. Kurasa za maelezo za mifumo ya BSD huandikwa kwa kanuni inayomlazimisha mwandishi kuweka tarehe ya badiliko la mwisho la maana, na tarehe hiyo humfikia msomaji chini ya kila ukurasa. Ni jambo dogo, lakini hubadilisha usomaji wote: anayejua kwamba aya iliandikwa mwaka 2003 hujiuliza mara moja kama seva inayotajwa bado ipo, wakati asiyeiona tarehe hujiuliza kama yeye mwenyewe ana akili za kutosha.

Tarehe peke yake haitoshi. Mwandishi anatakiwa aseme alijaribu nini na juu ya kitu gani: mashine ya modeli ipi, chipu za kudumu za aina gani, memori kiasi gani, toleo lipi la programu ya kuwashia, diski ya asili au kadi. Kwa orodha hiyo msomaji wa mwaka 2040 ataweza kuchambua mwenyewe kipi kinamhusu na kipi kimepita, badala ya kutegemea bahati. Hati za zamani nazo zinafaa kubakizwa zilivyo, zikiongezewa juu yake maelezo mafupi ya kipindi zilichohusu na mahali ilipo hati iliyochukua nafasi yake, kazi ambayo haihitaji kuandika upya hata aya moja.

Na mtu anayefaa zaidi kuzigundua kasoro ni yule ambaye kwa kawaida huona haya kuzitaja. Mgeni aliyekwama mbele ya paneli isiyo na kitufe ndiye pekee anayejua kwamba MODE32 haijatajwa; akiisha kuijua, baada ya wiki mbili atakuwa ameisahau kama ambavyo wengine wote waliisahau, na ukimya utaendelea. Kwa sababu hiyo maandishi aliyoyaweka wakati bado amekwama, hata yakiwa ya mistari mitatu, yana thamani ambayo mtaalamu hawezi kuitengeneza. Mfumo ambao NetBSD huutumia kupokea taarifa za hitilafu una fungu mahususi la makosa ya nyaraka, lililotenganishwa na la makosa ya programu, na anayeleta taarifa katika fungu hilo hadaiwi ajue kuandika msimbo: anatakiwa kutaja hati gani aliyokuwa akiisoma, ilimwagiza nini, na mashine yake ilijibu nini.